Las Meninas Mikononi mwa Picasso

Kati ya tarehe 17 Agosti na 30 Desemba 1957, katika nyumba iliyoitwa La Californie mjini Cannes, kusini mwa Ufaransa, Pablo Picasso alichora picha 58 za rangi ya mafuta. Picha 44 kati ya hizo zilitokana moja kwa moja na picha moja ya kale, Las Meninas, ambayo Diego Velázquez aliichora Madrid mwaka 1656. Nyingine 9 ni za njiwa, 3 ni za mandhari, na 2 ni tungo huru zaidi. Picasso alikuwa na umri wa miaka 75 alipoanza, akatimiza 76 kazi ikiendelea. Hapakuwa na mchoraji aliye hai mwenye jina kubwa kuliko lake, na lolote ambalo angelichora lingepata mnunuzi. Pamoja na hayo alipanda ghorofani, akafunga mlango, akakaa zaidi ya miezi minne na kazi ya mtu aliyefariki karibu miaka 300 kabla yake.

Mwenendo wa kazi hiyo unajulikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni picha zenyewe, kwa kuwa Picasso alikuwa na desturi ya kuziandika tarehe, hata mtazamaji anaweza kumfuata siku baada ya siku. Ya pili ni kumbukumbu za watu waliokuwa karibu naye. Jaume Sabartés, rafiki yake tangu 1899 na katibu wake tangu 1935, alichapisha kitabu kizima juu ya picha hizo mwaka 1958. Françoise Gilot, mchoraji aliyekutana na Picasso mwaka 1943 na kumwacha mwaka 1953, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1964 akisaidiwa na mwandishi Carlton Lake. Picasso alikwenda mahakamani kuzuia toleo la Kifaransa, asifanikiwe. Kitabu cha Gilot kinataka kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu mazungumzo marefu yaliyomo yalikuwa na umri wa miaka kumi na zaidi yalipoandikwa, na hakuna mwanadamu anayehifadhi maneno kwa ukamilifu wa namna hiyo. Lakini Gilot alikuwa mchoraji. Alijua mchoraji mwenzake anatafuta nini anaposimama mbele ya picha, na katika jambo hilo ushuhuda wake una uzito usiopatikana kwa wageni wengi waliomzuru Picasso na kuandika habari zake.

Las Meninas yenyewe ni picha ya chumba kimoja cha kasri la wafalme wa Hispania. Ina kimo cha sentimita 318 na upana wa sentimita 276, hivyo watu waliomo wanakaribia ukubwa wa watu halisi. Mbele, karibu na katikati, amesimama binti mfalme Margarita, mtoto wa miaka mitano, katika gauni la rangi nyeupe na fedha. Wasichana wawili wa ukoo bora wanamhudumia, na hao ndio walioipa picha jina. Upande wa kulia wako Mari Bárbola na Nicolás Pertusato, watu wa kimo kifupi waliokuwa sehemu ya maisha ya kasri, pamoja na mbwa mkubwa aliyejilaza huku Pertusato akimgusa mgongoni kwa mguu. Upande wa kushoto yuko Velázquez mwenyewe, brashi mkononi, mbele ya turubai kubwa ambayo mtazamaji anauona mgongo wake tu. Nyuma kabisa mlango uko wazi na mtumishi wa kasri, José Nieto, amesimama kwenye ngazi. Kando ya mlango kuna kioo, na ndani ya kioo wanaonekana Mfalme Felipe IV na Malkia Mariana.

Kioo hicho ndicho kinachoifanya picha kuwa fumbo. Huenda mfalme na malkia wamesimama pale pale anaposimama mtazamaji, na Velázquez anawachora wao. Huenda anamchora binti yao, na wazazi wameingia kumwangalia. Huenda turubai ile kubwa ni picha hiihii tunayoiona, kabla haijakamilika. Wataalamu wamelijadili jambo hilo kwa vizazi kadhaa, na picha bado haijakubali jibu moja.

Juu ya kioo, katika giza la ukuta wa nyuma, zimetundikwa picha mbili kubwa ambazo wengi huzipita bila kuzitazama. Ni nakala alizozifanya Juan Bautista Martínez del Mazo, mkwe wa Velázquez, kutokana na kazi za Rubens na Jordaens. Kwa hiyo picha inayohesabiwa miongoni mwa vilele vya uchoraji wa Ulaya imebeba ndani yake kazi za wengine zilizonakiliwa. Wala Velázquez hakufanya hivyo mara moja tu. Katika picha yake ya wanawake wasokota nyuzi, zulia la ukutani linaonyesha hadithi ya Europa kama Titian alivyoichora, picha ambayo Rubens aliinakili alipokuwa Madrid mwaka 1628 na 1629, wakati alipojuana na Velázquez kijana. Titian alipokewa na Rubens, Rubens akamfikisha kwa Velázquez. Picasso aliposhika Las Meninas hakuvunja mwiko wowote. Alijiunga na msafara uliokuwa njiani zamani.

Kwa upande wake safari ilianza utotoni. Alizaliwa Málaga mwaka 1881, na baba yake, José Ruiz Blasco, alikuwa mwalimu wa uchoraji. Mwaka 1895, familia ilipokuwa ikihama kutoka La Coruña, baba alimpitisha mwanawe katika jumba la makumbusho la Prado mjini Madrid. Kijana alikuwa na miaka 13. Miaka miwili baadaye alirudi Madrid kusoma katika Chuo cha Sanaa cha San Fernando. Masomo yalimchosha upesi, akaacha kuhudhuria, akawa anakwenda Prado. Huko alinakili sura ya Mfalme Felipe IV iliyochorwa na Velázquez, na nakala hiyo ipo mpaka leo Barcelona. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake Novemba 1897 aliwapima wakongwe mmoja baada ya mwingine: Velázquez alimweka daraja la kwanza, vichwa vya El Greco alivisifu sana, na Murillo hakumridhisha kila mahali.

Hukumu hizo ni za kijana wa miaka 16, lakini zinatoka kwa mtu aliyekaa mbele ya picha akiwa na rangi mkononi. Kunakili kwa mkono kunamlazimisha mtu agundue mambo ambayo jicho peke yake huyaruka: rangi ipi ilitangulia, wapi brashi ilikwenda kasi, wapi mchoraji alisita na kurekebisha. Picha za 1957 haziwezi kueleweka na mtu anayedhani kwamba Picasso aliyavunja maumbo kwa kuwa hakuweza kuyajenga. Alikuwa ameyajenga akiwa kijana, kwa njia ya Velázquez, mpaka akayachoka.

Kisha Las Meninas, iliyokuwa Prado, ikawa mbali naye. Picasso alihamia Paris mwaka 1904, na mara yake ya mwisho kukanyaga Hispania ilikuwa 1934. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1936, serikali ya Jamhuri ilimteua kuwa mkurugenzi wa Prado. Ulikuwa uteuzi wa heshima, wala hakwenda Madrid kuushika. Hazina za jumba hilo zilikuwa zikihamishwa kukwepa mabomu, kwanza Valencia, halafu Catalonia, na mwanzoni mwa 1939 zikavushwa mpaka Geneva. Las Meninas ilikuwa miongoni mwa picha zilizosafiri. Ushindi wa Jenerali Franco katika vita hivyo ulimfungia Picasso njia ya kurudi. Alifariki Aprili 1973, miaka miwili kabla ya Franco, bila kuiona tena nchi yake.

Hivyo basi, mtu aliyeichora Las Meninas upya mara 44 alikuwa hajasimama mbele yake kwa zaidi ya miaka 20. Alikuwa na picha zilizochapwa vitabuni, na alikuwa na kumbukumbu. Umbali huo ulimnyima mengi, hasa rangi yenyewe na namna nuru inavyokaa juu ya nguo, mambo ambayo hakuna chapa inayoyafikisha. Lakini ulimpa uhuru ambao pengine asingeupata Madrid. Mbele ya picha halisi mkono huvutwa kufuata. Kumbukumbu huacha mengi na kubakiza yale yaliyomgusa mtu kwa nguvu, na mchoraji akifanya kazi na mabaki hayo huwa tayari ameanza kuchora kitu chake.

Kabla ya kufika hapo alipita katika mtihani ambao Gilot aliushuhudia. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Picasso aliipa makumbusho ya taifa ya sanaa ya kisasa ya Paris picha 10. Kabla hazijapelekwa huko, Georges Salles, aliyesimamia makumbusho ya Ufaransa, alimkaribisha Louvre siku ya Jumanne, jumba likiwa limefungwa, apate kuziona picha zake kando ya kazi za wakongwe. Walinzi walizibeba kutoka chumba kimoja hadi kingine. Kwanza Picasso aliomba ziwekwe karibu na picha ya Mhispania mwenzake Zurbarán inayomwonyesha Mtakatifu Bonaventura akiwa maiti mbele ya waombolezaji. Kisha zikapelekwa kwa Delacroix, kisha kwa Courbet, na mwishowe kwenye picha ya vita vya San Romano iliyochorwa na Uccello. Gilot anakumbuka kwamba siku hiyo Picasso hakuwa na utulivu wake wa kawaida, na kwamba waliporudi nyumbani alieleza kuwa lililomgusa hasa lilikuwa kuiona kazi yake kando ya Zurbarán.

Tukio hilo lina mafunzo kuliko nadharia nyingi za sanaa. Mchoraji mashuhuri ana njia nyingi za kukwepa kupimwa. Marafiki humsifu, wauzaji humbembeleza, na wapinzani wake humpa sababu ya kujiona mshindi. Kuta za Louvre hazimjui mtu. Picha ikisimama futi chache kutoka kwa Zurbarán, ama inashikilia nafasi yake ama inafifia, na hakuna maneno yanayoweza kuiokoa. Picasso, akiwa na miaka 60 na zaidi, alikubali kipimo hicho na akakiogopa. Hofu hiyo ni sehemu ya heshima.

Gilot anaeleza pia kwamba Picasso alimpeleka Louvre tena na tena kuitazama picha ya Delacroix ya wanawake wa Algiers katika chumba chao, ambayo Delacroix aliichora mwaka 1834 baada ya safari yake ya Morocco na Algeria mwaka 1832. Alikuwa akisema kwa miaka kwamba anataka kufanya ya kwake. Gilot alipomuuliza anamwonaje Delacroix, alimtaja kwa neno kali la kumtukana, kisha akakiri kwamba mtu yule alikuwa stadi kwelikweli. Hata hivyo hakuianza kazi hiyo wakati wakiishi pamoja. Aliianza tarehe 13 Desemba 1954, na sababu za kuianza wakati huo zinaonekana wazi zikipangwa pamoja. Mnamo tarehe 3 Novemba Henri Matisse, mwenzake na mshindani wake wa miaka mingi, alikuwa amefariki. Matisse ndiye aliyewachora sana wanawake waliojipumzisha katika mavazi ya Mashariki, na Picasso alimwambia rafiki yake Roland Penrose kwamba Matisse amemwachia wanawake hao kama urithi. Mnamo tarehe 1 Novemba vita vya ukombozi wa Algeria vilikuwa vimeanza. Na mwanamke aliyeingia katika maisha yake wakati huo, Jacqueline Roque, alifanana sana na mmoja wa wanawake wa Delacroix. Hamu ya zamani, msiba, vita na uso wa mtu anayependwa vilikutana, na ndani ya miezi miwili, mpaka tarehe 14 Februari 1955, zikapatikana picha 15, alizoziita kwa herufi kuanzia A hadi O.

Kwa hiyo kazi ya mkongwe haichaguliwi kama bidhaa rafuni. Inakaa na mtu miaka mingi, naye anaendelea na shughuli nyingine, mpaka maisha yanapompa sababu ya kuirudia. Wachoraji wanaokwenda kutafuta picha maarufu ili wapate wazo la maonyesho yajayo huishia mara nyingi na mapambo, kwa sababu hawana deni lolote na picha hiyo.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili anaijua namna hii ya kufanya kazi. Katika takhmisi mtunzi huchukua mishororo ya mtangulizi wake na kuiongezea mitatu ya kwake, mpaka kila ubeti unakuwa na mishororo mitano na sauti mbili. Takhmisi ya Liyongo, inayohusishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, inasimama juu ya maneno yanayonasibishwa na Liyongo, shujaa aliyemtangulia kwa karne nyingi. Hakuna aliyemwita Sayyid Abdalla mwizi, wala hakuna aliyesema amekosa la kusema. Kuingia ndani ya kazi ya mkubwa na kujenga humo kulihesabiwa kuwa ustadi, na aliyeshindwa kwenda sambamba na mishororo ya mkongwe alionekana mara moja.

Sabartés amehifadhi mazungumzo ambamo Picasso alieleza, miaka kadhaa kabla ya 1957, jinsi jambo hilo lingetokea kwa Las Meninas. Tuseme, alisema, mtu anakusudia kuinakili kwa nia njema kabisa. Anafika kwenye mtu mmoja wa pichani na kujiuliza ingekuwaje akimsogeza kidogo kulia au kushoto. Akimsogeza, nuru inabadilika, na inambidi abadilishe kingine. Hatua kwa hatua anapata picha ambayo mpenzi wa uchoraji wa zamani angeiona mbaya, lakini itakuwa Las Meninas yake. Maelezo hayo yanafaa kuzingatiwa na kila anayetaka kufanya kazi ya aina hii, kwa sababu yanaonyesha mabadiliko yanatoka wapi. Hayatoki katika nia ya kuwa tofauti. Yanatoka katika swali dogo, la kweli, linalohusu mahali pa mtu mmoja chumbani, na uaminifu wa kulifuata swali hilo hadi mwisho wake.

Picha ya kwanza, ya tarehe 17 Agosti 1957, ndiyo kubwa kuliko zote: sentimita 194 kwa 260. Velázquez alisimamisha turubai, Picasso ameilaza. Rangi ni kijivu, nyeusi na nyeupe, kama alivyofanya katika Guernica mwaka 1937. Velázquez amekuwa jitu linalofika juu ya picha, na watu wa upande wa kulia wamechorwa kwa mistari michache tu, karibu kama watoto wanavyochora. Madirisha ya kulia, ambayo kwa Velázquez yanakisiwa zaidi kuliko yanavyoonekana, yamefunguliwa. Vikulabu viwili vya kutundikia taa, ambavyo kwenye picha ya zamani vimepotelea katika kivuli cha dari, vimekuwa vikubwa na vyeusi, kama vya kutundikia nyama. Na mbwa mkubwa wa kasri ameondoka. Mahali pake yuko Lump, mbwa mdogo mrefu wa miguu mifupi aliyeletwa La Californie na mpiga picha David Douglas Duncan akabaki hapo.

Baada ya turubai hiyo Picasso aliigawa picha vipande vipande. Alimchora Margarita peke yake, kichwa tu, kisha kichwa na mabega, kwa kijivu, kwa kijani, kwa manjano, uso ukiangalia mbele na upande kwa pamoja kama alivyozoea tangu siku za kubizimu. Alimchukua María Agustina Sarmiento, mmoja wa wale wasichana wawili, anayepiga goti, akamchora, akamwacha, akamrudia. Mwanzoni mwa Septemba aliiacha picha ya Velázquez kabisa na kuwachora njiwa waliokuwa wakiishi kwenye dirisha la chumba chake cha kazi, bahari ikiwa nyuma yao. Halafu akarudi chumbani kwa mfalme, safari hii na rangi kali. Mwezi Oktoba mikono iliyoinuliwa ya Nicolás Pertusato ilimfanya amwone mtoto anayepiga piano, akamchorea piano. Picha ya mwisho katika mfululizo, ya tarehe 30 Desemba, ni ya Isabel de Velasco, msichana wa pili, anayeinama kwa heshima.

Vichwa vidogo vya Margarita ndivyo vinavyobaki akilini kuliko vyote. Katika picha ya 1656 mtoto huyo ni kitovu cha nuru na cha adabu za watu wote, lakini haiwezekani kujua anafikiri nini. Picasso anamuuliza swali hilo zaidi ya mara kumi, na kila mara anajibiwa na mtoto mwingine: mwenye hofu, mwenye kiburi, aliyechoka, aliyekaribia kucheka. Si kwamba kila turubai ni nzuri. Baadhi zimefanywa haraka na rangi yake ni nyepesi. Zikitazamwa moja moja zingeshindwa, lakini zikitazamwa kwa mfuatano wa tarehe kila moja ni hatua, na hata hatua ya kujikwaa ina maana kwa anayefuata njia nzima.

Kwa sababu hiyo namna ya kuzionyesha ilikuwa jambo kubwa. Picha hizo zilifunguliwa kwa umma mwaka 1959 Paris, katika jumba la sanaa la Louise Leiris, lililoongozwa na Daniel-Henry Kahnweiler, muuzaji wa Picasso tangu miaka ya ujana. Picasso alizibakiza mikononi mwake. Picha za wanawake wa Algiers zilikuwa na mwisho mwingine: zote 15 zilinunuliwa mwaka 1956 na Victor na Sally Ganz wa New York kwa dola 212,500, nao wakauza nyingi baadaye. Ya mwisho, yenye herufi O, iliuzwa mnadani New York mwaka 2015 kwa dola milioni 179.4. Bei hiyo ilitangazwa duniani kote, lakini mfululizo wenyewe umetawanyika katika makumbusho na nyumba za matajiri, na anayetaka kuufuata kutoka A hadi O hana budi kutumia kitabu.

Mfululizo wa Las Meninas ulinusurika kutawanyika kwa sababu ya urafiki. Sabartés ndiye aliyehangaikia kuanzishwa kwa makumbusho ya Picasso mjini Barcelona, yaliyofunguliwa mwaka 1963 katika mtaa wa Montcada kwa jina la mkusanyiko wa Sabartés, kwa kuwa jina la Picasso halikukubalika kwa utawala wa Franco. Sabartés alipofariki mwaka 1968, Picasso aliyapa makumbusho hayo picha zote 58 kwa kumbukumbu yake. Hakuna mfululizo mwingine wa aina hiyo wa Picasso uliobaki wote mahali pamoja.

Baada ya Velázquez akamgeukia Manet, na picha ya watu wanaokula majanini ya mwaka 1863, ambayo nayo ilichukua mikao ya watu wake kutoka chapa ya Marcantonio Raimondi iliyotokana na Raphael. Kati ya 1959 na 1962 Picasso alitoa humo picha 27 za rangi na michoro ipatayo 140, pamoja na chapa na sanamu ndogo za karatasi ngumu. Ni kazi pana zaidi, lakini haina msukumo mmoja kama ule wa 1957.

Wako waliopinga njia hiyo yote. Mwaka 1965 mwandishi Mwingereza John Berger alitoa kitabu ambamo alidai kwamba Picasso, pamoja na kipaji chake, alikosa mambo ya kuchora katika miaka yake ya baadaye, na kwamba kuwarudia wakongwe ni dalili ya ukosefu huo. Hoja hiyo ina nguvu kwa baadhi ya picha. Kwa Las Meninas haitoshi. Mhispania aliyefungiwa nje ya nchi yake, akiwa mzee, anachora chumba cha mfalme wa Hispania na kumfanya mchoraji kuwa mkubwa kuliko kila mtu aliyemo. Anauliza nani anatazama na nani anatazamwa, nani yuko mlangoni na kama anaingia au anaondoka. Hayo ni mambo ya kuchora, tena mazito.

Afrika Mashariki ina sauti yake katika mjadala huu. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu na kuanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi miaka ya 1960, alijulikana kwa kuwakataza wachoraji wasiige, akifundisha kwamba kuiga ni kumlaza Mungu usingizi. Lakini Njau mwenyewe ndiye aliyechora kwenye kuta za kanisa la Murang'a maisha ya Kristo, masimulizi ambayo Ulaya iliyachora kwa karne nyingi, na kuyaweka katika mandhari na miongoni mwa watu wa nchi ya Wakikuyu. Katazo lake na kazi yake havipingani. Alichokikataa ni mkono unaofuata bila kuuliza.

Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea London, anafanya kazi katika njia hiyo leo. Anachora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinachotengenezwa na Waganda, chenye mishono na matundu yanayoamua kwa sehemu picha itakwenda wapi. Katika picha yake ya mwaka 2015 kuhusu wanawake waliovuliwa nguo hadharani Nairobi, mwili wa mwanamke umelazwa kama Venus ya Velázquez iliyoko London, na hivyo mtazamaji aliyezoea kuustarehea mkao huo analazimika kujua amesimama upande gani. Katika picha ya 2017 kuhusu siasa za uchaguzi wa Kenya, watu waliokaa juu ya tawi la mti wanatoka katika chapa ya Goya. Na mwaka 2021, alipoonyesha kazi zake katika Royal Academy ya London, maonyesho hayo yalikuwa pia na picha za Meek Gichugu, Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Asaph Ng'ethe Macua, Elimo Njau na Sane Wadu, wachoraji wa Afrika Mashariki waliomtangulia. Velázquez na Goya ni rahisi kupatikana kwa yeyote mwenye kitabu au nauli ya kwenda Ulaya. Kazi za hao sita zimetawanyika na nyingi hazionekani hadharani. Ndiyo sababu Armitage ameanzisha Nairobi taasisi ya sanaa ya kisasa, NCAI, inayoonyesha na kuchunguza kazi za eneo hili, ili kijana wa huko anayetaka kubishana na wakongwe awe na wakongwe wake karibu.